Jibu Lililokaa Chini

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha hesabu darasa la nne, katika shule moja ya msingi kule Pasua, tulimpokea msichana kutoka Bukavu, nchi jirani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba karibu na soko. Mtoto alikuwa mkimya, kwa sababu kila akisema "batu" badala ya "watu" wenzake walicheka.

Jaribio la kwanza la kugawanya nilimpa sifuri. Namba ya kugawia aliiweka kulia, jibu akaliandika chini yake. Sikuangalia zaidi. Nilimshauri mwalimu mkuu kwamba mtoto arudishwe darasa la pili, na mama akaitwa.

Alikuja asubuhi, mkoba ameukumbatia. Baadaye aliniambia alidhani tunataka karatasi za uhamiaji. Nilipompa daftari alilitazama kwa muda mrefu.

"Samahani, mwalimu. Hapa kosa ni gani?"

"Jibu liko chini. Linatakiwa liwe juu."

"Kwetu linakaa chini. Lakini lenyewe si sawa?"

Nilikaa nikapiga hesabu upya mbele yake, moja baada ya nyingine. Kati ya maswali kumi, tisa yalikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilianza shule huko juu Rombo nikijua Kichagga tu, na niliwahi kuitwa mjinga kwa neno nililokosa.

"Mama, naomba unisamehe," nilisema.

"Ni sawa. Wasimcheke tu."

Nilipomweleza kosa langu, mwalimu mkuu akasema mtoto abaki darasa la nne. Akamwomba mama ahudhurie vikao vya wazazi, akamweleza kwamba huko hakuna anayeulizwa karatasi.

Kesho yake nilimwita msichana ubaoni. Swali moja, yeye akafanya kwa njia yao, mimi kwa yetu. Alimaliza kabla yangu. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, na sisi tunaweza kufanya hivyo?"

Ilibidi niwaeleze kwamba kwenye mtihani wa taifa watumie njia yetu. Yule msichana wa Bukavu aliishika ndani ya wiki mbili, nami nikawa namsahihishia maneno wakati wa mapumziko. Mtihani aliufaulu. Mama alihudhuria vikao vyote mwaka ule, akikaa safu ya nyuma. Katika kile cha mwisho alinyoosha mkono na kuuliza kuhusu vyoo vya wasichana.