Nani Atangulie Kwenye Simu

Wifi yangu ana kiburi, na nilimwambia hivyo usoni, ofisini kwake, nimekalia benchi la wageni na mkoba magotini. Kaka yangu, mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani tangu serikali mbili zigombane na geti lifungwe. Ana kisukari. Asubuhi hiyo alinipigia akasema sindano zimemwishia, miguu inamwaka moto, na nisimwambie mkewe. Nikaenda kumwambia mkewe. Ningenyamazaje?

Maana wifi ndiye katibu muhtasi wa waziri wa mambo ya nje, na kilichotakiwa ni mawaziri wawili waongee tu. Sasa sikia vituko. Waziri hakubali kushika simu akamsubiri waziri mwenzake. Anayesubiri ameonekana mdogo. Kwa hiyo makatibu ndio hupatana nani atangulie, leo wako, kesho wangu. Kwa miaka wifi alipatana na mwenzake wa upande wa pili, anayejiita Mama Pacha. Hawajawahi kuonana, lakini waliuliziana watoto, wakapeana pole za misiba, na simu za wakubwa zikapita bila shida.

Mpaka siku wifi alipoharibu. Waziri wa kule ameshaunganishwa, wa kwetu yuko msalani, na wifi badala ya kusema ukweli akawa anasema anakuja, anakuja. Mama Pacha alifokewa mbele ya watu. Akanuna. Wifi naye, badala ya kuomba radhi, akanuna kwa kuwa amenuniwa. Tangu hapo kila mmoja anadai wa mwenzake atangulie, na mawaziri wanadhani upande wa pili hautaki mazungumzo.

"Yaani kaka yangu afe kwa sababu nyinyi wawili mmenuniana?" nikamuuliza.

Aliinuka, akakaa, akapanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa, akainuka tena. Ningekuwa na namba ningepiga mwenyewe. Mwishowe akanyanyua simu. Mama Pacha alipoitikia, wifi akasema leo wa kwetu ndiye atakayetangulia, kisha akamweleza habari za mumewe, sauti ikimkatika. Akamuunganisha waziri.

Kule kukawa kimya.

Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona waziri na simu sikioni, anatazama saa, anatutazama sisi, anakohoa. Wifi akaninong'oneza kwamba analipiziwa kisasi, na kazi ndiyo imekwenda hivyo. Nilimtukana Mama Pacha matusi ambayo sitayarudia hapa. Waziri alikuwa ameanza kushusha simu, mara akakaa sawa na kusema, "Ndugu yangu, habari za siku nyingi."

Jioni ile geti lilifunguliwa na kaka akapata sindano yake. Lakini kabla ya hapo, wakubwa wakiwa bado wanaongea, simu ya wifi ililia. Alikuwa Mama Pacha, anahema mpaka nikamsikia kutoka kwenye benchi. Waziri wake alikuwa mkutanoni ghorofa ya juu, lifti mbovu, yeye akapanda ngazi mbio na kumtoa katikati ya watu. Wifi akaangua kilio. Akasema yeye alidhani bado amenuniwa.

"Bado," Mama Pacha akasema. "Nimekununia wewe. Shemeji sijamnunia."