Sinia la Walionuniana

Harufu inayonichokoza kuliko zote ni ya machicha ya nazi yaliyoachwa kwenye kifumbu mpaka yakaanza kuchacha. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bunju aliyamwaga nyuma ya ukuta wetu, na kabla sijafungua mdomo kumpa maneno yake, nikajikuta nimerudi uani kwa bibi yangu Bagamoyo, nina miaka minane, na nimekasirika. Uso wangu ulikunjamana wenyewe. Jirani alidhani nimemkunjia yeye, na sikuona sababu ya kumtoa wasiwasi.

Siku hizi Shaabani ikikaribia kwisha simu yangu hujaa picha za watu wanaovunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya mfungo. Familia nzima imevaa sare, imekaa hotelini ufukweni, kila mtu meno nje, na chini yake maneno matamu kuhusu upendo na umoja. Mimi nikizitazama huwa natafuta kitu kimoja tu: nani hapo amenuniana na nani, na wamemkalisha wapi. Maana ukoo usio na walionuniana sijauona, na kama upo basi hawajakaa pamoja muda wa kutosha. Vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana.

Sisi tulivunja jungu kwa bibi, mama yake baba, kila mwaka, tupende tusipende. Na wengi hatukupenda. Tuliishi Chalinze, ambako baba alikuwa na banda la kuziba pancha za malori kando ya barabara kuu. Kwenda Bagamoyo kulitaka kushuka Msata na kungoja gari jingine, na barabara ya kutoka Msata wakati huo ilikuwa ya vumbi. Tulikuwa tukifika na nyusi nyekundu kama tumepakwa hina. Shangazi Mwantumu, dada yake baba, alikuwa akitupokea mlangoni, anatutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anamwambia mama yangu kwa sauti laini, "Karibu wifi. Maji ya kuoga yapo." Mtu asiyemjua akimsikia atasema ni ukarimu.

Mama alikuwa mtu wa Ubena, mbele ya Chalinze, na Shangazi hakumsamehe jambo hilo. Kwa Shangazi, dunia ya wastaarabu ilikuwa inakomea pale usipoweza kusikia bahari. Kila mwaka alimpa mama kazi ya kukuna nazi, halafu alisimama nyuma ya mbuzi akieleza jinsi nazi inavyokunwa. Mama alikuwa anajua kukuna. Alikuwa anakuna kimya, mabega yamepanda, na mimi nimekaa kando yake nikimchukia Shangazi kwa niaba yake. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, Rukia, rika langu, naye alikuwa hodari wa kunichukia mimi, kwa hiyo tulikuwa tunafinyana kuanzia asubuhi mpaka tunaagana.

Sasa niwaeleze desturi ya bibi, maana ndiyo iliyoleta yote. Wanaume walikula barazani, wanawake na watoto ukumbini, kwenye mikeka, kila kundi na sinia lake. Hapo hakuna jipya. Lakini katika nyumba ya bibi waliopatana walikaa wanapotaka, na walionuniana walikaa sinia moja, uso kwa uso. Kisha, kabla ya tonge la kwanza, kila mmoja alinyofoa nyama akaiweka upande wa mwenzake. Na hakuna aliyenawa mpaka sinia liwe jeupe. Bibi mwenyewe ndiye aliyeshika birika la kunawia. Alikuwa akisema, "Asiyeweza kumlisha hasimu wake asije akanidanganya kwamba anaweza kufunga."

Aliwajuaje walionuniana? Swali la mtoto hilo. Bibi alijua kuku gani wa jirani anataga wapi, itakuwa wanawe.

Mwaka ninaousema, mama na Shangazi walikuwa hawajasemezana kitambo. Salamu zilikuwepo, wifi kwa wifi, lakini ukizigonga zinalia tupu. Sababu niliijua nusunusu. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, ndugu yangu, na yule mtoto hakufika siku ya saba. Alizikwa Chalinze. Watu walikuja kutoka Ubena, wakaja kutoka Msata, bibi mwenyewe akaja na magonjwa yake ya miguu. Shangazi hakuja. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako, akakosa na akika, ukamtania mkayamaliza. Msiba ni kitu kingine. Baada ya hapo mama hakulitaja jina lake tena. Alisema "dada wa baba yako," kama anaongelea mtu aliyemsikia redioni.

Tangu safarini mama alikuwa amekwisha kumwambia baba kwamba atakwenda kwa heshima ya bibi, lakini hiyo ni mara ya mwisho, kuanzia mwakani baba atakwenda mwenyewe na mtoto wake. Baba alikohoa. Baba yangu alikuwa fundi wa kukohoa. Kila jambo lililomshinda alilikohoa. Mimi niliyasikia maneno yale na moyo ukaniruka vibaya. Nilikuwa simtaki Shangazi wala vidole vya Rukia, lakini nilikuwa nampenda bibi kupita kiasi, na nilielewa kwamba siku ile ikiharibika, nyumba ya bibi nitakuwa naijia na baba peke yake, kama wageni, na mama atabaki Chalinze akiwa amekaza meno.

Basi likaletwa sinia letu. Wali wa nazi, mchuzi wa nyama umemwagwa katikati, kachumbari pembeni. Mama upande huu na mimi, Shangazi upande ule na Rukia. Bibi mkeka wa pili, na birika lake.

Shangazi alianza. Alinyofoa nyama, na niseme haki, alichagua pande zuri, halina mfupa. Akaliweka upande wa mama. Kisha akatulia, anangoja yake.

Mama aliitazama ile nyama. Akaichukua kwa vidole viwili, akairudisha upande wa Shangazi, juu ya wali, polepole.

Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Rukia, aliyekuwa amezungusha mkono pembeni ya sinia akanishika paja tayari kufinya, aliacha mkono pale pale bila kufinya. Mimi, nisiwafiche, nilifurahi. Niliona mama amepiga bao. Nilitaka hata kumtolea Rukia ulimi, ila bibi alikuwa ananitazama.

Bibi hakupandisha sauti. Alilichukua birika akalipakata mapajani kama mtoto, akasema, "Hakuna atakayenawa."

Tukakaa. Masinia mengine yalimalizwa na wenyewe wakakaa na mikono michafu, wanatutazama sisi. Mafuta ya mchuzi yaliganda. Nzi waligundua kwamba hakuna anayewafukuza. Punje za wali nilizodokoa kwa siri zilinikaukia vidoleni zikaanza kuniwasha, na kutoka uani ile harufu ya machicha ikaingia na joto. Baba alitokea mlangoni, akasema gari la Msata halitatungoja, akatazama nyuso za mama yake, dada yake na mkewe, akakohoa, akarudi barazani.

Hatimaye Shangazi ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake laini. "Wifi, unawaadhibu watoto."

"Mimi sili nyama ya mtu ambaye hakuja kumzika mwanangu," mama akasema.

"Nilituma rambirambi."

"Mwanangu hakuzikwa na rambirambi."

Nilimtazama Shangazi nikisubiri jibu lake la sumu, maana alikuwa nayo ghalani ya kutosha. Halikuja. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia wenye mchuzi, na ile sauti laini ilipotoka tena ilikuwa imekwaruza, siyo yake.

"Nilikwenda mpaka stendi," akasema. "Gari likaja, watu wakapanda, mimi miguu ikakataa. Nimezika wawili kabla ya Rukia, wifi. Nilijua sanda ile ina ukubwa gani. Nikarudi nyumbani."

Mimi sikuwa najua habari za hao wawili. Nilipomtazama mama nikaona naye hakuwa anajua. Miaka yote aliyoolewa katika ukoo ule, hakuna aliyemwambia. Ndivyo tulivyo, wepesi wa kuelezana nazi inavyokunwa.

"Ungesema," mama akasema, na hasira haikuwa imepungua hata kidogo.

"Nimwambie nani? Wewe? Umewahi kuniuliza nini tangu uje hapa?"

"Na wewe umeniuliza nini? Mtoto amelala kwangu siku tano, nimemnyonyesha, nimemwimbia. Hakuna mtu hata mmoja katika nyumba hii aliyeniuliza nilikuwa namwita nani."

Ilikuwa kweli. Kwa kuwa hakufika siku ya saba, watu walisema hajapewa jina, wakaishia hapo. Kwetu nyumbani aliitwa "yule mtoto." Baba aliliita kaburi lake "pale kwa mtoto." Mimi dada yake wa tumbo moja nilikuwa nikimuombea kila usiku bila jina, na sikuwahi kufikiri kwamba mama anaweza kuwa nalo.

Shangazi aliacha kuutazama mkono wake, akamtazama mama usoni.

"Ulikuwa unamwita nani?"

"Hassani," mama akasema, na kisha akalia, mkono wake wa kulia ameuinua hewani usimpake mchuzi usoni, machozi yanajitiririkia yenyewe kwa kukosa wa kuyafuta. Mimi nilimsogelea, lakini Shangazi aliwahi. Alivuta upande wa khanga yake kwa mkono wa kushoto, akaupitisha juu ya sinia, akamfuta. Hakumfuta kwa upole. Alimfuta kama mtu anayesugua sufuria.

Kisha akakaa akasema, "Haya, kula, wali umepoa kwa ukaidi wako."

"Umepoa kwa mdomo wako," mama akamjibu, akanyofoa nyama, akaiweka upande wa Shangazi. Alichagua yenye mfupa. Niliona.

Gari la Msata tulilikosa. Tukalala Bagamoyo.

Kama mnangoja niwaambie kwamba baada ya hapo mawifi wale walipendana, mtangoja sana. Mwaka uliofuata Shangazi alisimama tena nyuma ya mbuzi akieleza nazi inavyokunwa, ila safari hiyo mama alinyanyuka akamwachia mbuzi, akamwambia akune mwenyewe tumwone. Waligombana kwenye harusi ya Rukia kuhusu bizari. Waligombana kwenye yangu kuhusu wageni wa Ubena wakae wapi. Bibi alipofariki waligombana nani ashike funguo, na Rukia na mimi tulikwisha kuzoea, tukakaa uani tunakula karanga. Lakini kununa, kule kwa kimya, hakukurudi. Na mama hakukosa kuvunja jungu Bagamoyo hata mwaka mmoja, hata baada ya bibi kuondoka na hakuna wa kumlazimisha.

Nilimuuliza mara moja, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, kwa nini anajisumbua kwenda kwa mtu asiyempenda. Aliniangalia kama nimeuliza kwa nini anapumua. Akasema, "Kwani nani amekwambia nakwenda kupendwa?"

Nilichelewa sana kuelewa. Siku ile ukumbini niliamini mama amerudisha nyama ili kumdhalilisha Shangazi, na kwa muda mrefu nilijivunia. Mama alikuwa anaomba aulizwe. Alikuwa ametembea na jina lile kifuani bila mtu wa kumtajia, na alijua kwamba akila ile nyama kwa adabu, anawe, apande gari, basi limekwisha, hakuna atakayeuliza tena. Na bibi, na birika lake mapajani, hakuwa na haja ya kutuona tumependana. Alikuwa anatuweka karibu mpaka mtu ashindwe kutosema. Hayo sikuyaona. Niliona mama yangu na adui yake, na nikachagua upande, na upande ule nikaushika mpaka nina mvi.

Niliushika hata siku mama alipofariki. Shangazi alikuja kutoka Bagamoyo alfajiri, mzee, anatembelea fimbo, kabla watu wa karibu zaidi hawajafika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwapanga wanawake wa kuosha, na nilisimama mlangoni nikamwambia shikamoo, apumzike nje, kazi ina wenyewe.

"Marahaba," akasema. "Miaka yote hii nimekaa uso kwa uso na mama yako. Nani amekwambia leo nitakaa nje?"

Nikampisha. Alikabidhi fimbo kwa Rukia, akaingia, mlango ukafungwa. Nilibaki pale ukutani. Nilisikia maji yakimwagwa taratibu, nilisikia dua, na katikati ya dua nikaisikia sauti ya Shangazi, ndogo, ya hasira, ikimgombeza mama kwa nini amemtangulia. Mama, kwa mara ya kwanza, hakumjibu.