Skrubu Nne Zenye Rangi Yangu ya Kucha

Admin, jina langu libaki kwako, maana mtaa wetu ni mdogo na mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, nina studio ya kuhariri video za harusi hapa Awindiri, Arua. Kazi hii hakuna aliyenifundisha darasani. Nilianza kwa kuwachapia watu barua, nikazoea kufungua kompyuta zilizokufa, na leo za kwangu naziunga mwenyewe.

Mwaka huu niliamua kuiongezea nguvu kompyuta ya kazi. Nikaiwekea kadi kubwa ya picha, RAM mara mbili ya ile ya mwanzo, na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ya wati 650, kwa sababu nilipopiga hesabu niliona ile ya zamani isingeweza kuilisha kadi hiyo. Nikakaza skrubu zake nne, na juu ya kila moja nikadondosha rangi nyekundu ya kucha. Ndivyo nilivyozoea. Kwa mafundi vifaa hubadilishwa kimyakimya, kwa hiyo nikiiona nyekundu yangu najua kitu ni changu na hakijaguswa. Mume wangu alikuwa pale akinitania, "Mama, sasa hata kompyuta unaipaka kucha." Tukacheka.

Ikafanya kazi vizuri kabisa. Kisha nikaenda Ludara kumuuguza mama yangu, nikamwachia mume funguo za studio. Niliporudi, balaa. Kompyuta inawaka, nakata picha, napanga muziki, shwari. Nikianza tu kutoa video iliyokamilika, pap, inazima kama mtu kachomoa waya.

Nikaanza kutafuta. Kwanza niliushuku umeme wetu, nikaazima stabilaiza, ikazima. Nikashuku joto, nikafungua ubavu nikaelekezea feni. Ikazima, na joto lilikuwa digrii sitini tu. RAM nikazijaribu moja moja. Mfumo mzima nikaufuta nikausimika upya. Muda wote huo mume wangu yuko pembeni, ananishikia tochi, ananipa bisibisi, ananipa pole. Ni yeye aliyesema, "Mimi naona hii kadi iko mbaya. Huyu mutu alikuuzia amekudanganya." Pawa saplai aliimulika yeye, nikaziona nyekundu zangu nne, nikaipita.

Katikati ya hayo akaja dada mmoja wa Ombaci ambaye nilimrekodia harusi. Baba yake, aliyetoa baraka siku ile, alikuwa amefariki. Dada alitaka sauti tu ya baba yake, isikike kwenye maombi. Lakini ile kuzimikazimika ilikuwa imeharibu diski. Niliokoa keki, ngoma, na wageni wakila. Baba mwenyewe nilimpata anasimama, ananyoosha mkono kupokea kipaza sauti, na hapo picha inakatika. Yule dada hakunitukana. Aliniuliza, "Hata neno moja?" Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia pole, mashine ni mashine.

Nikaibeba kadi mpaka kwa aliyeniuzia, nikamfokea mbele ya wateja wake. Akaiweka kwenye kompyuta yake, akaipa kazi nzito mchana kutwa, mimi nimekaa naangalia. Haikuzima. Basi kadi nzima, RAM nzima, joto hakuna. Kinachobaki ni kile kinachoilisha kadi. Nikarudi, nikachukua mita nikapima. Panapotakiwa volti kumi na mbili, kazi nzito ikianza zinashuka hadi kumi nukta nane. Nikazisogelea zile skrubu kwa tochi, safari hii nikiishika mwenyewe. Nyekundu mpya ilikuwa juu ya nyekundu ya zamani. Nikafungua, kitu kikatoka chepesi mkononi. Kibandiko kinasema wati 300. Ndani vumbi limegandamana, na mende mkavu. Yangu ilikuwa mpya, jamani.

Nilipomuuliza hakubisha. Kaka yake mkubwa ana ukumbi wa kuonyesha video Koboko, kompyuta yake ilikuwa inakufa, akaomba msaada, naye akampelekea pawa saplai yangu na kunirudishia ile yao iliyochoka. "Baba akiwa jeshini, huyo ndiye alinilea," akasema. "Nitamwambia hapana na mdomo gani? Wewe unaweza kununua ingine. Yeye iko na watoto sita."

Nikampigia shemeji nikiwa nimejipanga kumtolea maneno. Kabla sijafungua kinywa akaanza yeye: "Shemeji, asante sana. Huyu bwana alisema wewe mwenyewe ndio ulituma. Ile kitu inatulisha hapa." Nikaishia kusema karibu, shemeji. Mume wangu alikuwa anasikiliza. Akaniambia, "Unaona? Shukrani yote umepewa wewe."

Nimeshanunua nyingine na kompyuta haizimi tena. Kwa hiyo msiniambie nalilia chuma. Angeniomba, ningetoa, ningerudisha kadi yangu ya zamani nikafanya kazi polepole, na sauti ya yule mzee ingekuwepo. Kinachoniuma ni kwamba alipomaliza kubadilisha, alifungua droo yangu, akatoa chupa yangu ya rangi, akazipaka skrubu moja baada ya nyingine. Halafu akaja kunishikia tochi nitafute.

Yeye anasema nimekuza jambo, wakwe wanasema mimi ni mchoyo, na watoto wanampenda baba yao. Wenzangu mlio kwenye ndoa, naombeni ushauri wenu: nitaishije na mtu anayeijua alama yangu na kuitumia kunifumba macho? Ila asiniambie mtu nitafute rangi nyingine.