Pweza wa Ufukweni

Sokoni Lewisham, mtaani kwetu huku ughaibuni, kuna mama wa Kikorea anayechoma pweza kwenye vijiti. Mimi husalimiana na kila mwenye meza pale, hata na njiwa, lakini kwake hupita nimeinamisha kichwa. Harufu ile hunirudisha utotoni, kwenye siku mama yangu aliponipeleka baharini.

Asubuhi alinunua sokoni pweza mwenye uwezo wa kuburuta basi, akamchemsha, akamtia ndimu na pilipili. Tukapanda naye treni ndani ya bakuli la plastiki, na abiria wote hadi dereva wakajua tumebeba nini.

Ufukweni mama alitandika mkeka. Alilelewa Unguja, na kwao mtu hali mbele ya mpita njia bila kumkaribisha. Basi kila Mzungu aliyepita alinyooshewa bakuli: "Karibu, mwanangu." Walipita kama elfu moja hivi, na wote wakasema, "No, thank you." Mama akawatabasamia wote.

Mara wakatokea wenzangu wawili wa darasani. Niliruka kutoka mkekani, nikaenda kusimama nao.

"Yule ni mama yako?" mmoja akaniuliza kwa Kiingereza.

"Simjui," nikajibu kwa Kiingereza hichohicho.

Mama alifanya usafi hospitalini miaka mingi. Kiingereza cha namna ile alikielewa vizuri. Akaninyooshea bakuli kwa tabasamu lilelile.

"Karibu, mtoto wa watu."

Wenzangu walikuwa wananitazama.

"No, thank you," nikasema.