Konzi la Buni Iliyoungua

Mama Kahawa alikwisha kununua vikombe vitatu vya kahawa katika mji ule usio wake, na vyote vitatu alivisusa. Cha kwanza alisema ni maji ya kuoshea sufuria. Cha pili kilikuja na povu juu, akamwuliza mhudumu kama huko nyuma kuna mtu anafua. Cha tatu alikinusa tu, akakisukuma kwa kidole kimoja kama anayemwondoa mdudu.

"Mama, wewe huna jema," mhudumu alimwambia.

"Ninalo, ila halimo humu kikombeni."

Hakuwa amesafiri kutwa nzima ili astarehe. Alikuwa akimtafuta binti yake, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, aliyeondoka nyumbani bila kuaga mwaka na miezi minne iliyopita. Fununu pekee aliletewa na karani wa mahakama, mteja wake wa kila asubuhi, aliyerudi safarini akijilamba midomo. "Mama, mji ule kuna kiduka cha kahawa nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani. Hakina hata kibao. Lakini kahawa yake, kama yako!"

Kama yako. Maneno hayo mawili yalimkaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Maana kama yake haikuwepo. Zamani, marehemu mama yake alikwenda kumfungulia mgeni mlango, akasahau konzi moja la buni kwenye kikaango mpaka likawa jeusi kama mkaa. Akaona haya kulitupa, akalichanganya na buni nyingine iliyokaangwa vizuri. Wateja wakarudi wakitaka ileile. Tangu siku hiyo konzi moja liliunguzwa makusudi, mlango ukiwa umefungwa. Mama Kahawa alirithi kikaango, mwiko na mlango wa kufunga, na kwa miaka ishirini aliuza kando ya lango la mahakama. Binti yake aliosha vikombe miaka minane. Kila alipoomba kukaanga alijibiwa, "Bado."

Sasa, akipita kati ya fundi saa na duka la rangi, Mama Kahawa alisimama ghafla. Harufu ile! Aliifuata kwa hasira, akaingia kiduka chenye benchi mbili na kaunta ya mbao, akawapita watu sita waliosimama.

"Shangazi, foleni inaanzia huku," dereva wa lori alimwambia.

"Mimi si wa foleni. Nimemzaa huyo anayekumiminia."

Binti aliinua kichwa. Aliliweka birika chini. "Shikamoo, mama. Hata aliyenizaa anapanga foleni."

Mama Kahawa hakuitikia. Alirudi nyuma, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alisema, "Vua hiyo aproni twende nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu kwa watu. Umeiba siri ya bibi yako, unawauzia wapita njia."

"Na wewe unawauzia nani? Washtakiwa." Watu wakacheka. "Sikuiba, mama. Ulifunga mlango, ukasahau kwamba harufu haifungiwi."

"Mdomo huo!"

"Ni wako. Haya, niambie mbele ya hawa mashahidi. Nikirudi, utanipa mwiko?"

Mama Kahawa alifungua kinywa. Neno moja tu lilitakiwa, na alikuwa amesafiri kutwa nzima kumfuata mtu ambaye angemfuata kwa neno hilo.

"Macho yangu bado yanaona, mwiko ninaushika mwenyewe," alisema.

"Basi umeshajibu." Binti akamsogezea kikombe. "Kunywa, kuna watu nyuma yako."

Alikunywa. "Umeunguza mno."

"Makonzi mawili. Moja la bibi, moja langu."

"Huo ni uharibifu."

Lakini aliendelea kunywa, amesimama, mpaka akafika kwenye mashapo. Binti alichungulia ndani ya kikombe. "Umemaliza."

"Nilikuwa na kiu."

"Shangazi, na kesho nikuwekee nafasi?" dereva akachokoza.

"Kesho utakuwa umelazwa ukiendelea kunisemesha."

Akatoka bila kuaga, kama alivyoondokewa.

Siku ya tatu alikuwa nyumbani, mlango umefungwa, kikaango motoni. Aliunguza konzi moja. Akakaa akilitazama jinsi linavyofuka moshi. Kisha akachota la pili, akalitia, huku akilaani kwa sauti ya chini.

Asubuhi karani alipiga funda la kwanza pale langoni, akainua nyusi. "Mama! Leo ndiyo ileile ya kule safari..."

"Kunywa, unyamaze," alisema, akampa mgongo.