Pete ya Akiki ya Dada Mariamu

Duka la baba pale Magarama, mtaa wa Gitega, lilinuka makaa na tindikali, harufu iliyotufuata hadi kwenye mito ya kulalia. Baba alikuwa sonara. Msimu ule wa mvua alikuwa akisafisha pete ambayo dada yangu Mariamu, aliyeposwa na watu wa Muyinga, angevishwa siku ya harusi. Ilikuwa dhahabu ya Warumi wa kale, kongwe kuliko jengo lolote la Gitega. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki alimwachia baba kwa urafiki alipokuwa akihama nchi. Katikati ilikuwa na jiwe la akiki nyekundu, imechongwa picha isiyozidi punje ya mahindi.

Baba aliligandamiza jiwe kwenye nta laini, nami nikaona: mwanamume amembeba baba yake mzee begani, amemshika mwanawe mkono, wanaukimbia mji unaoungua. Ndivyo Mgiriki alivyomsimulia. Mariamu alikuwa bado hajaonyeshwa.

Wakwe walipokuja na kuku wa zawadi, mimi niliyepeleka chai nikajisifu kwa shangazi wa bwana harusi kwamba pete ya dada ina watu watatu.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Watu? Sasa muke wa mutoto wetu atasali na sanamu ku kidole?"

"Ni mchoro tu, mama," baba akasema. "Mdogo kama kiroboto."

"Na kiroboto inauma, muzee. Utoe hiyo picha, ao turudie Muyinga na makuku yetu."

Baba hakunigombeza. Kesho yake alilowesha jiwe la kunolea, akaisaga ile akiki kutwa nzima. Mtoto alitoweka kwanza, kisha mzee, mwisho yule aliyembeba. Nta yenye alama ya picha aliirudisha kwenye chungu cha kuyeyushia, kwa kuwa kulikuwa na kazi nyingine. Harusi ikafanyika.

Siku hizi wajukuu hunionyesha kwenye simu pete za namna ile, zimewekwa nyuma ya vioo vya makumbusho katika nchi za mbali. Baba alishafariki. Idi iliyopita nilipanda basi hadi Muyinga, nikamweleza Mariamu picha iliyosagwa, na kwamba mdomo wangu ndio uliosababisha. Hakukasirika. Alinisogezea karatasi na kalamu ya mwanafunzi.

"Nichoree, kaka."

Nikamchora mwanamume, nikamchora na mzee begani. Nilipofika kwa mtoto, mkono ukasita. Sikujua kama alikuwa kulia au kushoto, wala kama alitazama mbele au aligeuka kuutazama moto. Utotoni niliwaambia wageni yote bila kuulizwa. Sasa dada yangu ananiuliza, na sikumbuki.