Visamaki vya Birika

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye kiburi kisichopita mlangoni. Ilikuwa Amu, kisiwani Lamu, miaka michache kabla ya vita vikuu vya Wazungu. Sisi Wakristo tulikuwa wachache mno pale mjini, na mimi nilikuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya misheni. Aliyeniita kwa jina langu, bila kutanguliza "Mwalimu", sikumwitikia. Nacheka nikikumbuka.

Nyumba ile, kama nyingine za mji, ilikuwa na birika la maji, tangi la mawe lililojengwa sakafuni, na ndani yake visamaki vya kula mabuu ya mbu. Kuvitupia punje za wali ilikuwa kazi ya Marita, yatima wa miaka sita, naye aliipenda kuliko mchezo wowote. Sheria ya birika ilikuwa moja: unachota kwa kata, unafulia pembeni. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka. Nilitaka kanzu yangu ing'ae kesho kanisani, nikaitumbukiza birikani na sabuni yake.

Baada ya adhuhuri visamaki vyote vilikuwa vinaelea, vimekufa.

Bi Debora, mama mtunza nyumba, alituita sote akauliza ni nani. Nilijua. Nikatazama dari. Marita akajitokeza, kamasi zikimtoka.

"Ni mimi, Bi. Naliwapa samaki wali mwingi."

Maskini, aliamini hivyo kabisa! Bi Debora akamwambia, bila ukali, kwamba birika litamwagwa na kujazwa upya, na kwamba kazi ya kulisha samaki atapewa mwingine.

"Ewaa, Bi," akasema Marita.

Birika lilipokwisha kusuguliwa, alichukua kibuyu chake akaenda kisimani, wala hakutumwa na mtu. Nami nilimwacha aende, mwanangu. Nilimtazama akienda na kurudi, maji yakimmwagikia miguuni, huku naanika kanzu yangu.

Jioni, wakati wa sala, kila mtoto aliomba alilo nalo. Marita akasema, "Mungu, nisamehe samaki wako. Na Mwalimu asinikasirikie."

Hapo nilishindwa. Nilipiga magoti mbele ya watoto niliokuwa nikiwafundisha amri za Mungu, nikasema ni mimi, ni sabuni yangu, na nimemwachia mtoto kosa langu. Nililia kwa haya. Bi Debora hakunikemea, na afadhali angenikemea. Marita akanifuta uso kwa pindo la nguo yake.

"Basi kesho utateka na mimi, Mwalimu. Birika halijajaa."

Asubuhi ya Jumapili watu waliniona nimebeba mtungi nyuma ya mtoto wa miaka sita, yeye ndiye kiongozi. Kazi yake alirudishiwa, na jirani yetu Mwislamu akatugawia visamaki kutoka birika lake.

Bwana wetu alimsimamisha mtoto katikati ya watu wazima. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi, ila siku ile ndipo nilipolisikia. Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukikosa, sema upesi, kabla mdogo hajakubebea. Usione haya kumwomba radhi aliye mdogo kwako. Na ukipewa watoto wa kulea, ujue nao wamepewa wewe wakulee.

Mungu akujalie moyo mwepesi wa kukiri, akutunze wewe na nyumba yako, na usije ukalala usingizi hata usiku mmoja huku mtoto analilia kosa lako. Amina.